DD 214 Yako Ina Doa? Namna ya Kuiomba Bodi Iibadilishe

Vijana wetu wengi wameingia jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya kijani tu mfukoni. Wengine, kati ya 2009 na 2016, waliingia kupitia mpango wa MAVNI, uliowatafuta watu wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo, na kuwapa njia ya mkato ya kupata uraia. Walio wengi walimaliza mkataba wakatoka kwa heshima. Mwongozo huu hauwahusu hao. Unamhusu yule aliyetolewa mapema, akapewa DD 214, yaani hati ya kuondoka jeshini, karatasi asiyopenda kumwonyesha mtu, na kila akiomba kazi au akijaza fomu ya uraia anarudishwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Karatasi hiyo inaweza kubadilishwa, lakini haijibadilishi. Kambini kuna maneno ya tangu zamani kwamba hati mbaya hupanda yenyewe baada ya miezi sita. Ni uongo, na umewala watu miaka, kwa sababu mmoja wa milango nitakayoieleza hapa hufungwa kabisa muda ukipita. Anayetaka kubadilishiwa lazima aombe kwa maandishi na alete ushahidi. Kuomba ni bure. Tena bodi ya mapitio hairuhusiwi kukushushia daraja ulilo nalo sasa, kwa hiyo ile hofu ya "nisije nikajiharibia zaidi" haina msingi, isipokuwa kwa jambo moja la uhamiaji nitakaloligusa hivi punde.

Isome karatasi yenyewe

Itoe DD 214 ulikoificha. Hakikisha ni nakala ndefu, ile yenye maneno Member-4 pembeni chini. Nakala fupi haionyeshi daraja wala sababu ya kuondoka. Kama huna, omba kwa fomu SF 180, au kwa mtandao kupitia tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, ambayo kituo chake cha kumbukumbu za watumishi kiko St. Louis, Missouri. Hulipi kitu.

Shuka hadi masanduku ya mwisho. Sanduku la 24 ndilo lenye daraja la utumishi wako. La 25 linataja kifungu cha kanuni kilichotumika kukuondoa, la 26 ni msimbo (code) wa kuondoka, la 27 ni msimbo unaosema kama unaweza kujiunga tena, na la 28 ni sababu ya kuondoka kwa maneno.

Madaraja ya sanduku la 24 hayalingani uzito. HONORABLE ni hati safi. GENERAL, UNDER HONORABLE CONDITIONS inakuachia mafao mengi lakini inakunyima GI Bill, yaani malipo ya masomo. UNDER OTHER THAN HONORABLE CONDITIONS, ambayo watu huifupisha kwa kuiita OTH, ndiyo mbaya kuliko zote zinazotolewa bila kesi: kamanda anakuandikia, unasaini, unaondoka. Mbaya zaidi ya OTH kuna mbili ambazo ni adhabu za mahakama ya kijeshi, BAD CONDUCT na DISHONORABLE, na hii ya pili hutolewa na mahakama kuu ya kijeshi peke yake. Halafu wapo wenye UNCHARACTERIZED, yaani walioondoka mwanzoni kabisa kabla jeshi halijawapima. Hiyo si hati ya aibu, ingawa wenye nayo hupata tabu kuieleza.

Watu hukazia macho sanduku la 24 wakalisahau la 28. Mwajiri akiona HONORABLE hapo juu kisha MISCONDUCT, yaani utovu wa nidhamu, hapo chini, maswali hayaishi. Unapoomba, omba vyote viwili: daraja lipande na sababu ibadilishwe. Bodi zikikubali, mara nyingi huandika SECRETARIAL AUTHORITY mahali pa sababu ya zamani, maneno yasiyomwambia mtu lolote, na hicho hasa ndicho unachokitaka.

Kama huna uraia, au uliupata kupitia jeshi, usipite hapa haraka

Sheria ya uhamiaji ina vifungu viwili vinavyowahusu askari. Kifungu cha 328 ni cha aliyetumikia angalau mwaka mmoja. Cha 329 ni cha aliyetumikia wakati wa vita, na kipindi cha sasa kilitangazwa kuanza tarehe 11 Septemba 2001. Vyote viwili vinataka uwe umeondoka kwa hali ya heshima, na hapo HONORABLE na GENERAL zinapita. OTH haipiti. Kwa hiyo kwa mmoja wetu kutoka OTH kwenda GENERAL, hatua ambayo Mmarekani wa kuzaliwa anaweza kuiona ndogo, ni tofauti kati ya kuwa na njia ya uraia wa kijeshi na kutokuwa nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Aliyepata uraia kupitia utumishi wa jeshi kuanzia tarehe 24 Novemba 2003, kisha akatolewa kwa hati iliyo chini ya hali ya heshima kabla hajatimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi mwema, anaweza kufunguliwa kesi ya kunyang'anywa uraia huo. Haitokei yenyewe, lakini sheria ipo. Ukiwa katika kundi hili, kupandisha hati si suala la kazi na mkopo wa nyumba tu.

Na sasa lile jambo la tahadhari. Maelezo utakayoiandikia bodi unayatia sahihi, na kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai. Lakini hata ukweli una gharama: ukiandika kwamba ulivuta bangi au ulitumia kokeini, umekiri kosa la dawa za kulevya kwa maandishi, na kwa mtu asiye raia ungamo kama hilo linaweza kutumiwa dhidi yake kwenye ombi la uraia, au hata kwenye haki yake ya kubaki nchini. Kabla hujatuma chochote kinachotaja dawa za kulevya, kaa na wakili wa uhamiaji asome rasimu. Simaanishi ufiche. Namaanisha mtu anayejua achague namna ya kulisema.

Aliyekwisha kurudishwa Mombasa, Goma au Kampala naye anaweza kuomba. Fomu hutumwa kutoka popote, na bodi husikiliza watu kwa video au simu.

Chagua mlango

Kuna bodi za aina mbili na kila tawi la jeshi lina zake. Jeshi la nchi kavu lina zake, wanamaji na Marines wanashirikiana, jeshi la anga linashirikiana na jeshi la anga za juu, na walinzi wa pwani wana zao chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani.

Ya kwanza ni bodi ya mapitio ya hati, na fomu yake ni DD 293. Hii inampokea mtu ambaye hajapitisha miaka 15 tangu aondoke. Aliyetoka Machi 2012, mlango wake unafungwa Machi 2027, na hakuna wa kumfungulia tena. Bodi hii haigusi hati zilizotolewa na mahakama kuu ya kijeshi. Hati ya BAD CONDUCT kutoka mahakama ndogo inaweza kuitazama, ila kwa jicho la huruma tu, bila kuuliza kama hukumu ilikuwa sahihi.

Ya pili ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu, fomu DD 149. Hii ina mamlaka mapana zaidi. Inaweza kushughulika hata na hukumu za mahakama kuu ya kijeshi kwa njia ya huruma, kurudisha cheo, kubadilisha msimbo wa kujiunga tena na kuamuru ulipwe malimbikizo. Sheria inasema uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaruhusiwa kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na hufanya hivyo mara kwa mara. Andika waziwazi kwa nini umechelewa: ulikuwa huna makazi, ugonjwa wako haukuwa umetambuliwa, uliamini ule uongo wa miezi sita.

Kama uko ndani ya miaka 15, anza na ya kwanza. Kwa kawaida bodi ya pili itakurudisha huko usipofanya hivyo. Na ndani ya bodi ya kwanza kuna mbinu ambayo sielewi kwa nini haisemwi zaidi: fomu inakuuliza kama unataka wasome jalada tu au unataka kusikilizwa mwenyewe. Ukianza na kusomwa jalada wakakataa, bado unaweza kuomba kusikilizwa, mradi miaka 15 haijaisha. Ukianza na kusikilizwa, nafasi ya kusomwa jalada imekwenda. Mwenye muda wa kutosha aanze na jalada ili apate nafasi mbili. Aliyebakiwa na miezi michache kabla ya mwaka wa 15 aombe kusikilizwa moja kwa moja.

Kusanya kumbukumbu kabla ya kuandika neno

Usiandike maelezo kwa kumbukumbu ya kichwani. Omba jalada lako lote la utumishi, jalada la matibabu la kijeshi, na hasa kifurushi cha kuondolewa, yaani zile karatasi ambazo kamanda wako aliziandika kukuombea uondolewe. Humo ndimo utakamoona walisema nini juu yako, ulisaini nini, na kama ulionana na mwanasheria kabla ya kusaini. SF 180 ndiyo inayotumika tena, na nyuma yake kuna jedwali la anwani kwa kila tawi. Kama umewahi kwenda kwa Idara ya Maveterani, omba na jalada lao.

Majalada huja baada ya miezi. Yakija, yapange kwa tarehe na utafute vitu vitatu. Cha kwanza ni makosa ya utaratibu: hukupewa taarifa ya maandishi, hukupewa nafasi ya wakili, au ulikuwa na haki ya kusikilizwa na bodi ya kikosi ukanyimwa. Haya yakithibitika yana nguvu peke yake. Cha pili ni mambo mazuri yaliyofunikwa, kama medali, tathmini nzuri na barua za pongezi. Cha tatu ni mstari wa kabla na baada, yaani mahali ambapo tabia yako ilibadilika. Hapo ndipo kesi nyingi hushinda au kushindwa.

Jambo ambalo bodi inalitafuta

Bodi ya mapitio hupima mambo mawili: je, hati ilitolewa kwa kufuata kanuni, na je, ilikuwa ya haki? Kuanzia 2014 Wizara ya Ulinzi imekuwa ikitoa waraka baada ya waraka kulifafanua hilo la pili, na ni vizuri uzijue kwa majina ili uzitaje kwenye ombi lako. Waraka wa Hagel, wa Septemba 2014, ulizitaka bodi ziwafikirie kwa moyo mpana askari wenye kiwewe cha vita. Waraka wa Kurta, wa tarehe 25 Agosti 2017, ulipanua hilo hadi majeraha ya ubongo, magonjwa mengine ya akili, na wale walioshambuliwa au kunyanyaswa kingono jeshini. Waraka wa Wilkie, wa tarehe 25 Julai 2018, unahusu huruma na haki kwa jumla, hata pasipo ugonjwa wowote. Unazitaka bodi zitazame maisha ya mtu tangu atoke, na unakiri kwamba uzito wa kosa hubadilika na nyakati, bangi ikiwa mfano wake.

Wa Kurta una maswali manne, na mimi nisingeandika ombi bila kuyajibu moja baada ya jingine chini ya vichwa vyake. Ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilikuwepo au lilitokea ukiwa jeshini? Je, kweli linapunguza uzito wa kosa hilo? Na je, linazidi uzito wa kosa lenyewe?

Maombi mengi hufa kwenye swali la tatu. Mtu anathibitisha vizuri kwamba ana kiwewe, ana barua ya daktari na ana dawa, halafu hasemi kiwewe kilihusiana vipi na kosa. Kunywa ili upate usingizi, kutoroka kambi baada ya kushambuliwa na mtu unayemkuta kwenye korido kila asubuhi, kumpigia kelele sajini, kushindwa kuamka: haya huunganika na kiwewe bila shida. Kuiba vifaa kwa mpango au kuuza dawa za kulevya ni vigumu kuyaunganisha, na waraka wenyewe unasema makosa ya kupangwa kwa kawaida hayasamehewi kwa sababu ya afya ya akili. Kama kosa lako ni la namna hiyo, egemea waraka wa Wilkie na maisha yako ya sasa, usilazimishe ugonjwa.

Sasa kuna hili linalotuhusu sisi zaidi. Wengi wetu hatukwenda kliniki. Mgeni kikosini, lafudhi yake inachekwa, hataki aonekane dhaifu. Kwao hakuna aliyewahi kusikia mwanamume akimwambia daktari kwamba anaogopa kulala. Matokeo yake jalada la matibabu ni tupu. Usikate tamaa kwa hilo: waraka wa Kurta unasema wazi kwamba ushuhuda wa askari mwenyewe, wa mdomo au wa maandishi, unaweza kutosha kuthibitisha kwamba hali ilikuwepo. Unasema pia kwamba hati ya heshima haidai utumishi usio na dosari hata moja.

Hata hivyo usiache ushuhuda usimame peke yake. Ushahidi wa Waswahili mara nyingi uko nyumbani. Dada aliyezoea kupigiwa simu kila Jumapili, simu zikakatika ghafla baada ya Kandahar, kule Afghanistan. Jumbe za WhatsApp za wakati ule, zenye tarehe, ambamo ulimwandikia mdogo wako kwamba hulali. Mjomba aliyekupokea uwanja wa ndege akaona unakagua kingo za barabara njia nzima. Waandike kwa Kiswahili chao, wasaini, kisha mtu anayejua lugha zote mbili atafsiri na kutia sahihi kwamba tafsiri ni sahihi. Ambatisha asili na tafsiri. Barua ya mama inayosema "alirudi si yule" na ikaeleza alichokiona kwa macho ina uzito kuliko barua kumi za wachungaji zinazosema wewe ni mtu mwema.

Ukiweza, pata pia daktari au mwanasaikolojia wa sasa akuandikie. Mwombe aeleze dalili zako, lini zilianza, na kwa maoni yake ya kitaalamu zinahusianaje na kosa lililoandikwa. Mpe nakala ya DD 214 na ya kifurushi cha kuondolewa, asiandike gizani.

Maelezo yako binafsi

Haya ndiyo moyo wa ombi. Kama mawazo yanakujia kwa Kiswahili, andika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, ila bodi ipelekee Kiingereza. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, wewe ulikuwa dereva wa msafara. Watu wengi wangeandika hivi:

"Nilikuwa askari mzuri. Nilikosea kwa sababu ya matatizo ya vita. Naomba mnisamehe, nina mke na watoto watatu."

Hakuna cha kushika hapo. Linganisha na hili:

"Tarehe 14 Juni 2011 gari lililokuwa mbele yangu lilikanyaga bomu. Nilisaidia kumtoa dereva. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimeandikwa kosa lolote (Kielelezo B, kurasa 3 hadi 9). Tuliporudi Septemba nilianza kunywa usiku ili nipate usingizi. Tarehe 22 Oktoba sikuamka kwenda kwenye gwaride la asubuhi. Tarehe 30 Novemba nilikamatwa nikiendesha gari nimelewa. Nilikosea, na ningeweza kumuua mtu. Sikwenda kliniki kwa sababu niliogopa kupoteza kibali cha usalama na nilidhani hali ingepita. Dada yangu anaeleza mabadiliko aliyoyaona (Kielelezo D). Mwaka 2016 niligunduliwa kuwa na kiwewe (Kielelezo E). Sijanywa tangu 2017."

Ona anavyokiri kosa bila kujipamba na bila kujidhalilisha, na anavyoweka tarehe zikasimame karibu karibu hadi msomaji anauona uhusiano mwenyewe. Kila dai lina kielelezo. Kurasa tatu hadi tano zinatosha. Usimtukane kamanda, hata kama alikuwa mbaguzi. Eleza alichofanya, lini, mbele ya nani, na waache wao wamwite jina. Na usisimulie umaskini wa utotoni isipokuwa kama unahusika. Wajumbe wanasoma majalada mengi, na kwenye la kwako wanatafuta uhusiano wa tukio na kosa.

Mwisho wa maelezo, orodhesha hoja zako kwa namba. Bodi ya mapitio inawajibika kujibu hoja ulizoziwasilisha, kwa hiyo hoja iliyofichwa katikati ya aya inaweza kupita bila jibu.

Kwa maisha ya baada ya jeshi, ambatisha vyeti vya shule, barua ya mwajiri, ripoti ya polisi inayoonyesha huna rekodi, kazi za kujitolea na matibabu uliyomaliza. Jumuiya ya Watanzania au Wakenya mjini kwako inaweza kukuandikia, ila aandike mtu aliyekuona ukifanya kitu, siyo mwenyekiti ambaye mmekutana msibani mara moja.

Nani atakusaidia bila kukutoza

Mawakili wanaruhusiwa kutoza kwa kazi hii, na wapo wanaotoza maelfu ya dola. Gonga milango ya bure kwanza. DAV, American Legion na VFW, vyama vya askari wa zamani, vina wawakilishi wa kuwasaidia wenzao. Mpango wa National Veterans Legal Services huwatafutia baadhi ya waombaji mawakili wa kujitolea. Vyuo vikuu vya Harvard na Yale vina kliniki za sheria kwa maveterani, na San Francisco kuna Swords to Plowshares. Ukikataliwa na mmoja kwa sababu wamejaa, uliza wakuelekeze kwa mwingine. Tovuti ya Idara ya Maveterani nayo ina ukurasa unaokuuliza maswali machache kisha unakupa fomu na anwani inayokuhusu.

Wakati unasubiri, soma maamuzi ya zamani. Bodi huyachapisha mtandaoni yakiwa yamefutwa majina, kwenye boards.law.af.mil. Tafuta kesi inayofanana na yako iliyokubaliwa, uitaje kwenye ombi.

Kutuma na kusikilizwa

Jaza fomu yote, saini, weka vielelezo kwa herufi, baki na nakala kamili. Anwani ya kila tawi iko kwenye fomu. Kama muombaji amefariki au hajiwezi kiakili, mke, mume au jamaa wa karibu anaweza kuomba kwa niaba yake akiambatisha uthibitisho.

Subira inahitajika. Kwa bodi za kusahihisha kumbukumbu, sheria inataka maombi 90 kati ya 100 yamalizike ndani ya miezi 10 na yote ndani ya miezi 18. Ukihama, waarifu; kuna watu wamepoteza nafasi kwa barua iliyokwenda nyumba ya zamani.

Ukisikilizwa, utaapa na kukaa mbele ya wajumbe wasiopungua watatu. Kama hoja yako ni kiwewe au jeraha la ubongo lililotokana na kupelekwa vitani, sheria inataka awepo daktari au mwanasaikolojia miongoni mwao. Watakuuliza juu ya siku ya kosa kwa undani, na wengi hujikwaa hapo kwa kuwa walijiandaa kuhutubia badala ya kujibu. Fanya mazoezi na rafiki akuulize maswali magumu kwa Kiingereza. Kama hujaelewa swali, sema hujaelewa. Adabu yetu ya kuitikia "ndiyo, ndiyo" mbele ya mkubwa inaweza kukufanya ukubali jambo ambalo hukulifanya.

Matibabu hayangojei bodi

Idara ya Maveterani hufanya uamuzi wake yenyewe kuhusu hali ya utumishi wako, kando kabisa na bodi. Haibadilishi DD 214, lakini inaweza kukufungulia matibabu na fidia hata ukiwa na OTH, na kanuni zake zililegezwa kuanzia tarehe 25 Juni 2024. Peleka ombi la matibabu kwa fomu 10-10EZ, na karani akikwambia "wewe huna haki," mwombe akupe uamuzi huo kwa maandishi. Wenye OTH waliokwenda vitani, au walioshambuliwa kingono wakiwa jeshini, wanaweza kupata huduma ya afya ya akili. Ukiwa na mawazo ya kujiua, piga 988 kisha bonyeza 1, wakati wowote. Hawatakuuliza DD 214.

Wakikataa

Soma uamuzi wao kwa kalamu mkononi. Wataeleza hoja ipi haikuwaridhisha na kwa nini, na hiyo ndiyo orodha ya ushahidi wa kutafuta. Baada ya kusomwa jalada, omba kusikilizwa. Baada ya hapo, nenda bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Bodi hiyo nayo ikikataa, unaweza kuomba wafikirie upya wakati wowote ukiwa na ushahidi ambao hawakuwahi kuuona. Walioondoka tarehe 20 Desemba 2019 au baadaye wana ngazi moja zaidi, bodi ya rufaa ya hati iliyo chini ya jeshi la anga kwa matawi yote, lakini hiyo hupitia kilekile kilichokuwa mezani na haipokei vielelezo vipya. Mwisho kuna mahakama ya shirikisho, ambako una miaka 6 na unahitaji wakili.

Wakikubali

Utapewa DD 214 mpya. Ikague herufi kwa herufi kabla ya kushangilia: sanduku la 24, la 28, na majina yako, ambayo makarani huyavuruga kwa hamu. Kisha ipeleke mwenyewe kila inakohusika, maana hakuna ofisi itakayoijulisha nyingine. Idara ya Maveterani waombe wapitie upya kila walichokunyima. Kama ulikuwa unangoja uraia, peleka N-400 (fomu ya kuomba uraia) pamoja na N-426 (fomu ya kuthibitisha utumishi) na nakala ya hati mpya. Kwa ombi la kijeshi hulipi ada. Ya zamani usiichane. Iweke pamoja na barua ya uamuzi, kwa sababu kuna ofisi ambazo bado zina nakala yake kwenye kompyuta zao, na siku moja karani ataiona akakuuliza.